Ukaazi wa Ughaibuni: Kuupata ni Riziki, Kuutunza ni Amana

Mada hii ilitolewa mbele ya vijana na familia zao baada ya futari mjini Sotik, kisha ikaandikwa kwa ajili ya jarida hili.

Bismillahi Rahmani Rahim.

Sifa zote njema anastahiki Mwenyezi Mungu aliyetufikisha tena katika mwezi huu mtukufu. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na masahaba zake wote.



Vijana wa chama chetu waliponijia waliniambia, "Mzee, tunataka utuzungumzie namna ya kwenda Marekani." Nikawajibu kwamba mada hiyo siiwezi, kwa sababu wao wanaijua kuliko mimi. Kijana wa Sotik leo, awe ni wa mjini, wa Kaplong au wa Ndanai, anajua fomu zote, anajua ajenti gani yuko Kericho na gani yuko Nairobi, na anajua nani alienda mwaka gani. Lakini tangu nirudi nyumbani hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza hivi: "Mzee, ukishaupata ule ukaazi, unautunza vipi?"

Basi hilo ndilo nitakalolisema. Nalisema kwa sababu mimi niliupata na nikaupoteza. Sikufukuzwa, kama wengine wanavyosema pale stendi. Sikuiba, sikupigana na mtu, sikufungwa. Niliupoteza kwa kukaa tu nyumbani, bila kujua.

Tuangalie saumu yetu hii. Kutia nia na kula daku ni kazi ya muda mfupi, na karibu kila mtu anaiweza. Kazi yenyewe ni ile ya kutwa nzima: adhuhuri jua likiwa kali, alasiri tumbo likinguruma, na uko peke yako jikoni hakuna anayekuona. Wengi huianza saumu, lakini wanaoifikisha Magharibi ikiwa salama ni wachache zaidi. Na karatasi za ughaibuni ndivyo zilivyo.

KARATASI YENYEWE NI NINI

Tunapoizungumzia grini kadi, tunazungumzia ukaazi wa kudumu wa Marekani. Mwenye kadi hiyo si raia, lakini si mgeni wa kupita. Anaruhusiwa kuishi na kufanya kazi kule bila kikomo cha miaka. Kadi yenyewe kwa kawaida huandikwa miaka 10 na kufanywa upya. Ikipitwa na tarehe, ukaazi haufi kwa sababu hiyo peke yake, ila utapata taabu kazini na safarini.

Watu wetu wengi waliipata kwa njia tatu: kuombewa na jamaa, kuoa au kuolewa na mtu wa kule, au ile bahati nasibu ya viza. Bahati nasibu hiyo iliwekwa na sheria ya 1990 na ikaanza kutoa viza mwaka 1995. Kwa miaka mingi kuijaza ilikuwa bure. Mwaka 2025 ikatangazwa ada ya dola 1, na mnamo Desemba 2025 serikali ya Marekani ikatangaza kuisimamisha. Kwa hiyo mtu akikuambia leo "nipe elfu 20 nikujazie," kwanza muulize anajaza nini, na uthibitishe wewe mwenyewe katika tovuti ya serikali yenyewe kabla ya kugusa bonasi ya majani chai ya baba yako.

Wengine huuliza kama bahati nasibu ile ni kamari. Fatwa ni ya wanavyuoni, waulizeni. Mimi nasema nilichokiona: hakuna aliyeweka pesa zake ili ale za mwenziwe. Ilikuwa ni kupigiwa kura, kisha unahojiwa kama umesoma hadi sekondari au una ujuzi wa kazi unaokubalika.

VILE NILIVYOUPATA

Mwishoni mwa 2003 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, sijapata mafunzo ya ualimu bado. Nilijaza fomu kwenye saiba moja mjini Kericho, nikasahau. Mwaka uliofuata ikaja bahasha kwa sanduku la posta la shule, imetoka Kentucky. Mwalimu mkuu alidhani ni vitabu vya msaada.

Nauli sikuwa nayo, wala ada za viza na vipimo vya daktari. Ikafanywa harambee. Waislamu wa hapa mjini wakachanga, na majirani zetu Wakristo nao wakachanga. Kuna mama mmoja mchuma chai aliyeleta shilingi 200 zimefungwa kwenye kitambaa. Mjomba wangu akauza ng'ombe wa maziwa. Agosti 2005 nikaingia Minnesota, na siku ile ile nikawa mkaazi wa kudumu.

Natija ya maneno haya ni kwamba kadi ile ilikuwa na jina langu, lakini haikuwa yangu peke yangu. Ilikuwa ndani yake ng'ombe wa mjomba na zile shilingi 200. Mimi niliiona kama zawadi niliyopewa, kumbe nilikuwa nimewekewa amana.

UKWELI MBELE YA ANAYEKUULIZA

Uislamu haukuanza jana kujua mambo ya ukaazi. Mnamo 615, Waislamu wa Makka walipoteswa, Mtume (s.a.w.) aliwaelekeza wavuke bahari waende Habasha, bara letu hili hili la Afrika, kwa mfalme Mkristo asiyedhulumu mtu. Makureshi wakatuma wajumbe na zawadi ili wahamiaji wale warudishwe. Najashi akawaita awasikilize, na Jaafar bin Abi Talib akawa msemaji wao.

Jambo la kuzingatia ni siku ya pili yake. Mjumbe wa Makureshi alirudi na hila: akamwambia mfalme awaulize Waislamu wanasemaje juu ya Nabii Isa (a.s.). Waislamu wakakutana. Walijua jibu lao linaweza kuwatoa nchini. Wakakubaliana waseme kile kile walichofundishwa, liwe litakalokuwa. Jaafar akasema kweli, na mfalme akawapa amani na kurudisha zile zawadi. Jaafar alikaa Habasha hadi mwaka wa Khaybar, 628. Hiyo ni miaka kama 13 ya ukaazi uliosimama juu ya neno la kweli.

Sasa sisi tunafanyaje? Kijana ana mke na mtoto, ajenti anamwambia aandike hajaoa "ili mambo yawe mepesi." Katika bahati nasibu ile ilikuwa sharti umtaje mke na kila mtoto wako aliye chini ya miaka 21, hata kama husafiri naye. Waliowaficha walinyimwa viza kwenye mahojiano, au walifika kule na baadaye wakashindwa kuwaombea watoto wao wenyewe. Fikiria, umemkana mtoto wako kwa kalamu!

Kuna na ndoa za makubaliano, "nioe, nitakulipa." Sheria ya Marekani inaweza kumfunga mtu hadi miaka 5 kwa hilo, na anayepatikana amefunga ndoa ya hila kwa ajili ya karatasi huzuiliwa asiombewe tena na mwenzi mwingine, hata kama ndoa ya pili ni ya kweli. Na kabla ya sheria ya Marekani tuna sheria yetu. Nikahi ni ahadi nzito, na Mwenyezi Mungu anatuamrisha mwanzoni mwa Suratul Maida tutimize ahadi zetu. Hakusema za Waislamu kwa Waislamu tu.

Neno moja zaidi kwa ndugu zetu waliosilimu hapa kwetu. Wengi wana jina la Kipsigis kwenye cheti cha kuzaliwa, jina la Kikristo kwenye cheti cha shule, na la Kiislamu kwenye kitambulisho. Hakuna ubaya kubadili jina, lakini lifuate sheria na karatasi zisomeke sawasawa. Fanya hivyo sasa ukiwa hapa. Mbele ya afisa, majina matatu ni watu watatu.

VILE NILIVYOUPOTEZA

Desemba 2008 nilikuja likizo nikaoa hapa Sotik. Mapema 2009 nikamuombea mke wangu, naye akaingia kwenye foleni. Mkaazi anaweza kumuombea mke na watoto wasiooa, lakini foleni ni ya miaka. Tukapata binti. Nikawa natuma pesa na kuhesabu miezi.

Agosti 2010 nilitimiza miaka 5, maana yake ningeweza kuomba uraia. Siku zote kisingizio changu kilikuwa kwamba sitaki kuupoteza Ukenya wangu, kwa kuwa katiba ya zamani haikukubali mtu mzima kuwa raia wa nchi mbili. Lakini mwezi ule ule, tarehe 27, Katiba mpya ikazinduliwa, na ndani yake Mkenya wa kuzaliwa hapotezi uraia wake kwa kupata mwingine. Kisingizio kikaisha. Nikatafuta kingine: ada ilikuwa karibu dola 700. Nikasema mwaka ujao. Chelewa chelewa, utamkuta mwana si wako.

Machi 2011 nikapigiwa simu usiku. Mama amepata kiharusi. Nikaomba ruhusa ya wiki 3 kazini, nikapanda ndege.

Nilimkuta upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yanatoka nusu nusu. Mke wangu ndiye aliyekuwa akimgeuza na kumwosha, huku ana mtoto mgongoni. Wiki 3 zikaisha. Ningewaachaje? Nikapiga simu kazini, wakaniambia nafasi yangu itajazwa. Rafiki yangu niliyekuwa nikiishi naye akaniuliza afanye nini na chumba. Nikamwambia akitoe. Gari langu nikamwambia aliuze, tukahitaji pesa za dawa. Kwa zilizobaki nikafungua duka dogo la vifaa vya shambani, ili nyumba ile.

Mwezi wa 9 mwenzangu mmoja wa Minnesota alinipigia, akasema, "Rudi kabla mwaka haujaisha, hata kwa wiki moja." Nikamwambia nitarudi. Sikurudi. Mama alikuwa amezoea kulishwa na mimi.

Alifariki Juni 2012. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun. Alifariki asubuhi, kichwa chake kikiwa kwenye paja langu, na kwa hilo namshukuru Mwenyezi Mungu mpaka leo.

Agosti nikaenda uwanja wa ndege na kadi yangu mkononi, tarehe yake haijapita. Mfanyakazi wa ndege akaangalia mihuri kwenye pasipoti, akahesabu miezi kwa kidole. Kumi na saba. Akanirudishia. Aliyekaa nje mwaka mzima au zaidi, kadi pekee haimrudishi. Nikaelekezwa niombe viza ya mkaazi anayerejea. Hiyo hupewa aliyetoka akiwa na nia ya kurudi, na akazuiliwa na jambo lililo nje ya uwezo wake.

Nilidhani kuugua kwa mama kutatosha. Afisa alinisikiliza kwa adabu, hakuniingilia. Kisha akauliza. Nyumba yako iko wapi? Sotik. Kazi? Duka, Sotik. Mke na mtoto? Sotik. Gari? Limeuzwa. Kodi ya mapato ya mwaka jana umewasilisha kule? Hapana. Uliomba kibali cha kurudi kabla ya kuondoka? Kibali gani?

Nikakataliwa. Na ombi la mke wangu, lililokuwa limekaribia kufika mwisho wa foleni, likafa pamoja na ukaazi wangu, kwa kuwa aliyemuombea si mkaazi tena. Nilirudi nyumbani na matatu ya jioni. Mke wangu hakuniuliza neno. Aliweka chai mezani, akamchukua mtoto akaenda chumbani.

Ndugu msomaji, sisi tumefundishwa kwamba amali huhesabiwa kwa nia. Siku ile nilijifunza kwamba hata sheria ya ukaazi inauliza nia. Tofauti ni kwamba Mwenyezi Mungu anaujua moyo, na afisa anasoma nyumba, kazi, kodi na tarehe. Tena nikijihesabu kwa haki, sijui ni siku gani nia yangu yenyewe ilihama. Labda ni siku niliyouza gari. Labda ni siku niliyoweka mbao za duka.

Usinielewe vibaya. Sijuti kumuuguza mama. Ningerudishwa nyuma ningekuja tena kwa ndege ile ile. Ninachojutia ni ujinga wangu. Mama alikuwa na haki yake, na mke wangu alikuwa na haki yake, na wale walionichangia walikuwa na haki yao. Ilikuwepo njia ya kutimiza zote, na mimi sikuuliza.

MAMBO YA KUSHIKA

Kwanza, muda wa kukaa nje. Ukizidi miezi 6 tayari unafungua mlango wa maswali, na hesabu yako ya uraia inaweza kukatika. Ukifika mwaka, kadi hairudishi. Ukiwa na dharura ya muda mrefu, kipo kibali cha kurudi ambacho hutolewa kwa muda wa hadi miaka 2. Kinaombwa ukiwa bado uko ndani ya Marekani, na kwa kawaida unaitwa kupigwa alama za vidole huko huko. Ndicho kile nilichoulizwa nikatoa macho. Na hata ukiwa nacho, acha alama za makazi: akaunti ya benki, anwani, kodi ya mapato. Anayekuja Marekani wiki mbili kila mwaka kupiga muhuri tu, naye aweza kuhesabiwa ameuacha ukaazi.

Kila nchi ina hesabu yake. Kanada inamtaka mkaazi awe ndani ya nchi siku zisizopungua 730 katika kila miaka 5. Uingereza, mwenye ruhusa ya kukaa bila kikomo akiwa nje zaidi ya miaka 2 mfululizo, ruhusa hiyo kwa kawaida huanguka. Na kwa dada na kaka zetu walioko Saudia, Qatar na kwingineko Ghuba, jueni iqama ya kazi si ukaazi wa kudumu, hata ukiifanya upya miaka 20. Huko jenga ukijua utarudi.

Pili, kodi na anwani. Mkaazi huwasilisha hesabu ya mapato yake kule, na akijiandika kwamba yeye si mkaazi ili alipe kidogo, amejishuhudia mwenyewe. Ukihama nyumba una siku 10 za kuiarifu idara ya uhamiaji. Ni jambo la dakika chache, na barua nyingi za wito zimepotelea kwenye anwani za zamani.

Tatu, usijiite raia na usipige kura. Ukienda kuchukua leseni ya udereva utaulizwa kama unataka kujiandikisha kupiga kura. Jibu ni hapana, wewe si raia bado. Kijana husema "ndiyo" kwa sababu ya kuona haya au kutoelewa, na tiki hiyo moja inaweza kumtoa nchini.

Nne, vilevi na ugomvi. Miraa tunayoiona hapa ikiuzwa peupe, kule chembechembe zake ni dawa za kulevya kisheria. Bangi imeruhusiwa na baadhi ya majimbo, lakini uhamiaji hufuata sheria ya taifa, na sheria hiyo bado inaikataza. Kumpiga mke nako, licha ya kuwa ni dhulma, ukihukumiwa ni sababu ya kufukuzwa. Aliyejizuia na halali mchana kutwa Ramadhani hawezi kushindwa kujizuia na haya.

Tano, ndoa. Aliyepata ukaazi kwa ndoa ambayo haijatimiza miaka 2 hupewa kadi ya miaka 2 yenye masharti. Katika siku 90 za mwisho wanandoa huomba pamoja masharti yaondolewe. Wakisahau, ukaazi unakatika. Na kuhusu wake wengi, sheria ya Marekani inamzuia mhamiaji anayekwenda kuishi hivyo, na fomu ya uraia inauliza waziwazi. Dini imeruhusu, haikulazimisha. Ukitia saini kwamba hutafanya, umeahidi.

Sita, usisaini usichokielewa. Ipo fomu ya kuuacha ukaazi kwa hiari yako. Wako watu waliochoka na safari wakaisaini uwanja wa ndege wakidhani ni fomu ya kawaida. Mwenye kadi ana haki ya kukataa kuisaini na kuomba kesi yake isikilizwe na hakimu wa uhamiaji.

Saba, usilale kwenye kadi. Baada ya miaka 5, au 3 kwa aliyeoana na raia na kuishi naye, omba uraia. Raia hana hesabu ya siku za kukaa nje. Raia aliyefika miaka 21 anaweza kumuombea mama na baba, jambo ambalo mkaazi hawezi. Na ukishaupata, sheria yetu ya uraia ya 2011 inataka uiarifu serikali ya Kenya ndani ya miezi 3. Kama ningekuwa raia ile Machi 2011, ningemuuguza mama yangu miaka 10 bila kupoteza kitu.

NA WAGENI WETU WENYEWE

Kabla sijamaliza, tusidhani haya ni mambo ya ng'ambo tu. Hapa kwenye nchi yetu ya chai wamekuwepo watu ambao babu zao walitoka Rwanda na Burundi kufanya kazi mashambani, wakazaa, wakazeeka, na wajukuu hawakuwa na kitambulisho cha nchi yoyote. Bila kitambulisho hakuna akaunti, hakuna kazi ya kuandikwa, hata kununua laini ya simu ni kuomba jina la mwenzako. Tarehe 12 Desemba 2020, Siku ya Jamhuri, Rais Uhuru Kenyatta alitangaza kwamba Washona 1,670 na watu 1,300 wenye asili ya Rwanda watatambuliwa kuwa raia wa Kenya. Walikuwa wamesubiri vizazi. Na Wanubi, ndugu zetu katika dini, wanaijua vizuri foleni ya kuhojiwa asili yako ili upewe kitambulisho.

Katiba yetu inamruhusu aliyeoana na Mkenya kwa miaka 7, au aliyekaa kihalali miaka 7 mfululizo, kuomba uraia. Kama uko na jirani wa namna hiyo, msindikize ofisini, mshuhudie kwa kweli. Utakavyotaka kutendewa Minnesota, anza kutenda hapa Sotik.

HITIMISHO

Vijana wangu, sikuwakataza kusafiri. Ardhi ni ya Mwenyezi Mungu na riziki ameitawanya. Wazazi, msiwazuie, lakini msiwatume kwa uongo, na akiwa kule msimwite nyumbani kwa kila jambo bila kumuuliza karatasi zake zinasemaje. Nawe unayekwenda, siku utakayoipokea kadi, kaa chini uandike tarehe tatu: ya kadi kwisha, ya kuomba uraia, na ya mwisho unayoweza kukaa nje. Mpe mtu wa nyumbani nakala.

Mimi leo niko na duka langu, na binti yangu anakwenda shule. Mwaka jana aliniuliza kwa nini hatukuishi Amerika. Nikamweleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi, na nikamwomba msamaha. Akaniuliza tu, "Na bibi alifurahi uliporudi?" Nikamwambia ndiyo, alifurahi.

Ewe Mola wetu, zipokee saumu zetu, wahifadhi vijana wetu walioko mbali, wafungulie milango ya halali, na utujaalie kuzitimiza ahadi tulizozitoa kwako na kwa waja wako. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh.